Sare Ikivuliwa, Bima Inakwenda Wapi?

Mswahili yeyote aliyeishi Marekani miaka miwili mitatu anaujua ujumbe huu. Unaingia kwenye kundi la WhatsApp usiku: ndugu yetu ametutoka, mwili uko mochari, familia inaomba mchango wa kuusafirisha nyumbani na kumshika mkono mjane. Chini yake kuna picha ya marehemu akiwa ndani ya magwanda ya Jeshi la Marekani, bendera nyuma yake. Haipiti nusu saa mtu anauliza: "Lakini si alikuwa mwanajeshi? Jeshi si linalipa?"

Majibu humiminika. Huyu anasema serikali hutoa nusu milioni. Yule anasema alitoka jeshini zamani, hakuna kitu. Wa tatu anamtuliza mjane kwamba hundi za marehemu zitaendelea kuja. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na mjane anabaki na vipande vitatu visivyoungana. Vijana wetu waliojiunga na jeshi hilo si wachache. Hata mpango wa MAVNI, uliowasajili wageni wenye ujuzi ambao jeshi liliuhitaji hadi uliposimamishwa mwaka 2016, ulikitaja Kiswahili katika orodha yake ya lugha. Wengi wa vijana hao sasa wana wake, waume, watoto, na wazazi Eldoret, Moshi au Bukavu wanaowategemea. Kwa ajili yao inafaa jambo hili lielezwe taratibu.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi unazaliwa hapo. Kwa Kiswahili tunamwita "mwanajeshi mstaafu" mtu yeyote aliyewahi kuvaa sare na sasa haivai. Kwa Marekani hao ni watu wa aina mbili. Veterani ni aliyetumikia jeshi akatoka salama kwenye rekodi yake, hata kama alikaa miaka minne tu. Mstaafu ni yule ambaye kwa kawaida amefikisha miaka 20 na sasa anapokea pensheni ya jeshi kila mwezi. Kila mstaafu ni veterani, lakini veterani wengi si wastaafu. Kijana aliyemaliza mkataba mmoja na kurudi kuendesha lori Texas ni veterani, na pensheni ya jeshi hana. Kuna pia aliye kazini, pamoja na wale wa akiba na wa Ulinzi wa Taifa wanaokwenda mazoezi mwisho wa wiki. Ukiulizwa kuhusu bima ya jeshi, uliza kwanza: tunamzungumzia yupi kati ya hawa? Jibu hubadilika kabisa.

Maneno mengine matatu. Ada ni kile unacholipa kila mwezi. Mnufaika ni yule atakayelipwa ukifa. Na bima ya maisha ni ya namna mbili kubwa. Bima ya muda ni kama kupanga nyumba: unalipa, unakaa, paa liko juu yako, siku unayoacha kulipa unatoka na mabegi yako, hurudishiwi kodi ya miaka iliyopita. Bima ya maisha yote ni kama kununua kiwanja na kujenga: unalipa zaidi mwanzoni, lakini bei haipandi kadiri unavyozeeka, na ndani yake kuna akiba inayokua. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine kwa kila mtu. Kosa ni kudhani umejenga kumbe umepanga.

Sasa bima yenyewe ya aliye kazini. Inaitwa SGLI, na wanajeshi wetu huitaja hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Ni bima ya muda, ya kundi, inayosimamiwa na VA, yaani idara ya serikali inayoshughulikia maveterani, huku kazi ya kila siku ikifanywa na kampuni ya Prudential. Chimbuko lake linaeleweka ukikumbuka kwamba kampuni za binafsi hazikupenda kumkatia bima mtu anayepelekwa vitani, na zilizokubali zilitoza ada isiyobebeka. Ndiyo maana serikali ya Marekani iliingia yenyewe mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikawapa askari nafasi ya kujikatia bima ya hadi dola 10,000. SGLI ilikuja mwaka 1965, vita vya Vietnam vilipopamba moto. Tangu tarehe 1 Machi 2023 kiwango chake cha juu ni dola 500,000. Kabla ya hapo kilikuwa 400,000.

Anayejua chama cha kufa na kuzikana ameshaielewa SGLI. Kijana wa miaka 19 na sajini wa miaka 45 wanatoa kiasi kilekile kwa kiwango kilekile cha bima, mgonjwa na mzima hawatofautishwi, na mfuko ni mmoja. Anayeingia jeshini huandikishwa moja kwa moja kwa kiwango cha juu. Asipotaka, au akitaka pungufu, ni yeye wa kusema. Tangu Julai 2025 ada ni senti 5 kwa kila dola 1,000 kwa mwezi. Nusu milioni basi ni dola 25, na dola 1 zaidi kwa bima ya majeraha makubwa iitwayo TSGLI. Tazama karatasi ya mshahara ya mwanajeshi, kwenye makato: dola 26 hizo zipo, kimya, mwezi baada ya mwezi. TSGLI hulipa kati ya dola 25,000 na 100,000 kwa aliyepoteza macho, mguu, mkono au kuungua vibaya, na haijali kama aliumia vitani au kwenye ajali ya gari akitoka dukani.

Hapa kuna uvumi wa kuuvunja. Wa kwanza ni kwamba bima hailipi mtu akifia vitani. Inalipa; kwa sababu hiyo hasa ndiyo iliundwa. Wa pili, unaonong'onezwa kwa sauti ya chini misibani, ni kwamba hailipi mtu akijiua. Inalipa pia. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona familia zikificha sababu ya kifo, na mama mmoja akikataa hata kugusa fomu, akiamini kwamba kudai ni kumwaibisha mwanawe na kwamba mwisho angenyimwa tu. Yanayofuta bima ni mambo machache na mazito, kama vile uhaini, ujasusi, uasi na kutoroka jeshi. Wa tatu ni kwamba askari wa akiba ana bima siku za mazoezi tu. Kwa kawaida anayehudhuria mazoezi yake ya mwaka analindwa saa 24, siku zote, hata akiwa kazini kwake kiwandani. Na mwanajeshi ambaye daktari amethibitisha kwamba amebakiza miezi 9 au pungufu ya kuishi anaweza kuomba hadi nusu ya bima yake akiwa hai.

Kando ya SGLI kuna fedha nyingine ambayo si bima kabisa, na watu huzichanganya. Mwanajeshi akifa akiwa kazini, jeshi hutoa dola 100,000 za rambirambi. Hazikatwi ada na hazitozwi kodi ya mapato, na lengo ni zifike mikononi mwa familia ndani ya siku tatu hivi, ili watu wapate pa kushika wakati mambo mengine yakisubiriwa. Gharama za kuuandaa na kuusafirisha mwili pia hubebwa na jeshi. Kwa hiyo swali la kwenye WhatsApp, "jeshi si linalipa?", lina jibu zuri sana kwa aliyekufa akiwa kazini.

Lakini fedha hizi analipwa nani? Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kulisema katika makala hii yote, nitachagua hili.

Fedha hizo mbili huongozwa na fomu mbili tofauti. Ile 100,000 ya rambirambi hufuata jina lililoandikwa kwenye fomu iitwayo DD 93. SGLI hufuata jina lililomo kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao SOES. Mtu anaweza kuwa amebadilisha moja na kuisahau nyingine. Kijana anaingia jeshini akiwa na miaka 20, anamwandika mama yake, na ni haki yake: mnufaika anaweza kuwa mtu yeyote, aliyeko popote. Miaka sita baadaye ameoa, ana watoto wawili, na mfumo bado unasema mama. Ndoa haifuti jina hilo. Mke hujulishwa endapo mume ameandika mtu mwingine, lakini idhini yake haihitajiki. Talaka nayo haifuti jina la mtalaka. Na wasia, hata uandikwe na wakili hodari na kushuhudiwa na watu kumi, haubadilishi mnufaika wa SGLI.

Kesi ya Ridgway ya mwaka 1981 inaonyesha jambo hili hadi mwisho wake mchungu. Sajini Ridgway aliachana na mkewe wa kwanza, na mahakama ya jimbo la Maine ikamwamuru aendelee kuitunza bima yake kwa faida ya watoto wao watatu. Akaoa tena, akaandika kwamba bima ilipwe kwa mujibu wa sheria, na kwa sheria hiyo wa kwanza kulipwa ni mke aliyepo. Akafa. Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba fedha ni za mke wa pili, kwa sababu sheria ya taifa inampa askari mwenyewe uamuzi wa kumtaja mnufaika, na amri ya mahakama ya jimbo haiwezi kuupiku. Watoto waliokuwa na hati ya mahakama mkononi walikosa.

Kwa hiyo usimwambie mtu "mke wangu anajulikana". Andika jina lake. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho, kwa mpangilio uleule. Watu wetu wana majina matatu manne yanayobadilishana nafasi. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba liko katikati, kwenye pasipoti limekwenda mwisho, na kijijini kila mtu anamjua kama Mama Juma. Madai yanaweza kukwama miezi kwa tofauti kama hiyo. Kama ndoa ni ya kimila na haikuandikishwa popote, ndiyo kabisa usitegemee maneno "kwa mujibu wa sheria". Mtaje mtu kwa jina. Mtoto mdogo naye akitajwa moja kwa moja, fedha hazikabidhiwi kwake, hungoja mlezi anayetambuliwa kisheria, na kumpata mlezi wa namna hiyo kupitia mahakama ni safari. Ni afadhali kuuliza mapema ofisi ya sheria ya kambini, ambayo humhudumia mwanajeshi bure, jinsi ya kuwawekea watoto utaratibu. Unaweza pia kugawa kwa mafungu: nusu kwa mke, robo kwa mama, robo kwa baba. Waislamu wanaotaka kuzingatia mirathi wanaweza kukaa na sheikh wao na kuandika mafungu hayo wenyewe, maana mfumo hautawafanyia.

Familia nayo ina bima yake, FSGLI. Mke au mume wa mwanajeshi hulindwa hadi dola 100,000, bila kuzidi kiwango cha mwanajeshi mwenyewe, kwa ada inayopanda na umri. Kila mtoto dola 10,000 bila ada yoyote. Ukitalikiana, au mwanajeshi akitoka, mke ana siku 120 za kuihamishia kwenye bima binafsi bila kupimwa afya. Wengi hawajui, na siku hizo hupita wakiwa wanahamisha vyombo.

Tumefika kwenye swali la kichwa cha habari. Mwanajeshi anapoivua sare, SGLI haifi siku hiyo. Humfuata siku 120 bila malipo. Baada ya hapo imekwisha, isipokuwa kwa aliyetoka akiwa na ulemavu wa kumzuia kabisa kufanya kazi, ambaye anaweza kuongezewa hadi miaka miwili akiomba. Wengine wote wanapaswa kuhama, na pa kuhamia ni VGLI, bima ya kundi ya maveterani.

Chukua kalenda. Tuseme umetoka tarehe 30 Juni. Kinga ya bure inaishia 28 Oktoba. Hadi tarehe 25 Februari, siku ya 240, unaweza kuomba VGLI bila kuulizwa swali hata moja la afya. Kuanzia hapo hadi 28 Oktoba ya mwaka unaofuata, yaani mwaka mmoja na siku 120 tangu kutoka, bado unaweza kuomba, ila sasa lazima uthibitishe kwamba una afya njema. Siku inayofuata mlango umefungwa. Fikiria nani anatoka jeshini: mtu mwenye mgongo mbovu, masikio yanayovuma, usiku usio na usingizi, labda sukari iliyogunduliwa miezi ya mwisho. Huyo ndiye anayehitaji siku zile 240 kuliko yeyote, na ndiye yuko bize kutafuta kazi na nyumba.

Sitaisifu VGLI kupita kiasi. Ni bima ya muda, na hapa kile chama cha kufa na kuzikana kinabadilika tabia: ada sasa inafuata umri, na hupanda kila baada ya miaka mitano. Kijana wa miaka 30 ataiona nafuu. Akifika 60 atalipa mara nyingi zaidi ya alivyoanza, na wengi huiacha hapo, baada ya kuichangia nusu ya maisha yao. Mwenye afya nzuri anaweza kupata kampuni ya binafsi itakayomtoza pungufu na kumhakikishia ada isiyopanda kwa miaka 20 au 30. Atafute, ndiyo, ila asiiache VGLI ipite kabla hajaishika bima mpya mkononi, imekubaliwa na imeanza kazi. Mwenye maradhi, kwake VGLI inaweza kuwa ndiyo bima pekee kubwa atakayoipata. Na anayehamia huko ataje upya wanufaika wake.

Aliyechelewa vyote hivyo bado ana dirisha moja, dogo. Tangu tarehe 1 Januari 2023 kuna VALife, kwa veterani yeyote ambaye VA imemtambulia ulemavu uliotokana na utumishi, hata ukikadiriwa asilimia 0, mradi ana miaka 80 au chini. Hakuna maswali ya afya na hakuna muda wa kuomba unaopita. Hii ni ya kujenga, si ya kupanga: ada haipandi kamwe na akiba hukua ndani. Kiwango ni hadi dola 40,000. Lakini kuna sharti ambalo kila familia ilijue: kinga kamili huanza baada ya miaka miwili. Veterani akifa kabla, mnufaika hurudishiwa ada zilizolipwa pamoja na riba, basi. Kwa hiyo si bima ya kukimbilia baada ya daktari kutoa habari mbaya. Ni ya kuanza leo, mtu akiwa na nguvu zake. Dola 40,000 hazitalea watoto hadi chuo, ila zinatosha kusafirisha jeneza hadi Kisumu na kuzika kwa heshima bila mtu kupitisha kofia.

VMLI naitaja kwa ufupi, kwa kuwa wanaostahili ni wachache: ni bima ya mkopo wa nyumba, hadi dola 200,000, kwa mwenye ulemavu mkubwa aliyepewa ruzuku ya VA ya kurekebisha nyumba, na fedha huenda kwa mkopeshaji.

Zimebaki hundi. Mwaka mmoja baada ya matanga, shemeji mmoja alikaa nami mezani na bahasha ya barua alizoogopa kuzifungua. Marehemu mumewe alikuwa veterani aliyelipwa na VA kila mwezi kwa ajili ya ulemavu wake. "Shemeji," akaniuliza, "kwani ile hela ya kila mwezi si ilikuwa yetu?" Alikuwa ameendelea kuipokea kwa miezi kadhaa, na barua zilikuwa zinaidai irudishwe. Malipo ya ulemavu ya VA hukoma mwenye nayo akifa. Pensheni ya mstaafu nayo hukoma vilevile, isipokuwa aliingia mpango wa SBP alipostaafu, ambao kwa makato ya asilimia 6.5 humwachia mke hadi asilimia 55 ya pensheni.

Kilichomfaa shemeji, na ambacho hakuna aliyemwambia, ni DIC: malipo ya kila mwezi, zaidi ya dola 1,600, kwa mjane au mgane wa veterani aliyekufa kwa maradhi au jeraha lililotokana na utumishi, au ambaye alikuwa na ulemavu wa asilimia 100 kwa miaka 10 mfululizo hadi kifo chake. Hayaji yenyewe. Lazima yaombwe, na akiomba ndani ya mwaka mmoja tangu kifo hulipwa kuanzia mwezi wa kifo. Akichelewa, huhesabiwa kuanzia alipoomba. Na tangu Januari 2023 mjane anaweza kupokea SBP na DIC zote kwa ukamilifu; zamani moja ilikuwa inaila nyingine.

Aliyekufa akiwa kazini, maofisa wa jeshi huja mlangoni, na mmoja wao hukabidhiwa familia hiyo kuisaidia kujaza kila fomu. Aliyekufa miaka kumi baada ya kutoka, hakuna atakayebisha hodi. Fomu ya kudai SGLI au VGLI inaitwa SGLV 8283, haina malipo, na hutumwa pamoja na nakala ya cheti cha kifo. Kama hujui marehemu alikuwa na bima gani, tafuta hati yake ya kuondokea jeshini, DD 214, kisha uwaulize VA wenyewe. Makarani wake wanaweza kukutafutia mkalimani wa Kiswahili kwenye simu ukiomba.